Mafuta Yaliyokula Mafuta

Vijana wa siku hizi wana bahati. Wanasema petroli, wanasema oili, wanasema dizeli, kila kitu na jina lake, na fundi akiuliza kilichokwisha ni nini anajibiwa mara moja. Sisi hatukuwa na anasa hiyo. Kwetu Kishanda, enzi za Mwingereza, kahawa ilipoanza kupanda bei baada ya ile vita ya pili, kilichoingia kwenye tangi la gari kiliitwa mafuta, kilichoingia kwenye injini kiliitwa mafuta, na kilichowaka kwenye taa kiliitwa mafuta. Kwa Kihaya ndiyo kabisa, yote ni amajuta, kuanzia samli ya ng'ombe mpaka yale yaliyouzwa ndani ya makopo mjini. Neno hilo moja liliniharibia jina, na hadi leo nikilisikia kwenye kituo cha petroli hugeuka kutazama aliyelisema.

Nilikuwa dereva wa baba yangu mdogo. Baba mzazi alifariki nikiwa sijui hata kujifunga vifungo vya shati, na huyu mdogo wake akanichukua, akanilea, akanisomesha hadi pale alipoweza, kisha akanipeleka Bukoba kujifunza kuendesha. Madereva wenzangu walimwita mwenye gari "tajiri". Mimi wangu nilimwita Tata, yaani baba, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa kwangu. Nalitaja hili mapema ili ieleweke kwa nini mambo yalinikaa rohoni. Tajiri akikudhania mwizi, unafunga mzigo wako unatafuta tajiri mwingine. Baba utamtafuta wapi?

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu, rangi imebabuka, mlango wa kushoto umefungwa kwa waya. Tulipakia kahawa ya majirani na ya kwetu, tukaipeleka Bukoba kupitia Muleba, na kurudi tulibeba chumvi, sabuni, mabati, na abiria waliokuwa tayari kukaa juu ya hayo yote. Petroli ilikuja kwa madebe. Tata alikuwa na utaratibu wake: debe moja la kwenda, debe moja la kurudi. La kwenda alimimina mwenyewe, asubuhi, akichuja kwa kitambaa cheupe, la kurudi nikalibeba nyuma, na niliporudi alichovya kijiti ndani ya tangi kuona kilichobaki. Kwa kawaida kijiti kilitoka na unyevu wa urefu wa kidole. Aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akakifuta, akakirudisha mahali pake juu ya dari.

Na kabla sijaondoka alikuwa akinipa kahawa. Si ya kunywa. Kwetu kahawa hutafunwa, kuinywa ni mambo tuliyoyaona kwa wageni. Aliingiza mkono katika kikapu chake kidogo, akanitolea punje chache zilizokaushwa vizuri, akaniwekea kiganjani na kusema, "Uende salama, mwana wange." Nilizitafuna taratibu mpaka Muleba. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitazikosa.

Balaa lilianzia dukani. Mafuta ya injini yalikuwa yamekwisha na Tata alitaka kuchagua mwenyewe, akapanda gari tukaenda pamoja. Lazima nieleze kwamba Tata alikuwa hodari wa kununua samli. Watu walimwita kutoka mbali awaonjee. Alichovya kidole, akasugua kwa dole gumba, akavutavuta, na kwa jinsi ilivyonata aliweza kusema kama imechanganywa na maji. Basi mwenye duka alipomfungulia kopo la yale mafuta tuliyokuwa tukitumia siku zote, Tata akachovya kidole, akasugua, akakunja uso.

"Haya ni maji ya kunawa," alisema. "Hivi kweli nimekuwa nikilinywesha gari langu maji?"

Mwenye duka akaleta kopo jingine. "Haya ya malori makubwa, mzee. Mazito sana."

Tata akachovya. Mafuta yakamng'ang'ania kidoleni, akakiinua kidole juu, na uzi mrefu ukaning'inia bila kukatika. Akacheka kwa raha. "Unaona? Haya ndiyo amajuta!" Mimi nilikuwa pembeni nasoma namba iliyoandikwa kwenye kopo. Ilikuwa kubwa kuliko ile ya zamani, na nikafikiri, kama ambavyo angefikiri mtu yeyote wa kwetu, kwamba namba kubwa ni daraja la juu. Tukanunua, tukamwaga yale ya zamani, tukajaza yale mazito, tukarudi nyumbani kama watu waliooa.

Nisiyasingizie mafuta yale. Mwanzoni yalitupendeza mno. Injini ile ilikuwa na kelele yake, tiki tiki tiki, utadhani mtu anapasua karanga humo ndani, na ilikuwa ikitoa moshi wa buluu kila nilipopanda kilima. Kelele ikanyamaza. Moshi ukapungua mpaka ukawa kama wa sigara. Tata akawaita majirani waje wasikilize. Walisimama wamezunguka boneti, wamekunja mikono nyuma, na mmoja akasema gari limerudi ujanani.

Safari iliyofuata, wakati wa kurudi, gari lilizimika katika mlima wa mwisho kabla ya kwetu. Nikafikiri ni plagi. Nikafungua tangi, nikachovya kijiti, kikatoka kikavu. Niliacha abiria wakishuka wakinung'unika, nikatembea hadi nyumbani kumweleza Tata. Hakukasirika. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa matope matupu, akasema magurudumu yamezunguka bure. Akatafuta petroli ya akiba, tukalipandisha.

Safari ya pili lilizimika pale pale, na barabara ilikuwa kavu.

Tata aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Akaniuliza kama nilipakia mzigo mkubwa. Nikasema hapana. Akauliza kama nilipita njia nyingine. Hapana. Akauliza kama nililiacha gari mahali. Nikasema nilikwenda Kashai, pale pale mjini, kula kwa rafiki yangu, kama siku zote. Akasema, "Aha." Basi. Nilikuwa nimeshawahi kuchapwa na mzee huyu, na naapa kwamba fimbo zake zote hazikuniuma kama hiyo "aha".

Kila mtu alijua wakati huo kwamba kuna madereva wanaonyonya petroli ya tajiri kwa mpira na kuiuza vichochoroni. Halikuwa jambo la siri. Tulikuwa tukitaniana sisi kwa sisi kwa utani huo. Sasa nikawa sicheki tena. Nikaanza kulichunguza gari kama daktari. Nililala chini ya tangi kutafuta tone. Nilinusa bomba la petroli kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilibadilisha kifuniko cha tangi, nikafunga kingine kwa waya na fundo ambalo mimi peke yangu ningelitambua. Rafiki yangu wa Kashai nikaacha kwenda kwake, na mchana nikawa nakaa kwenye gari na njaa yangu, nikimtazama kila apitaye karibu na tangi. Mwanamke mmoja alisimama hapo kumfunga mtoto mgongoni, nikamkemea kama mwizi. Aliondoka akinitukana, na alikuwa na haki.

Fundo langu halikufunguliwa na mtu. Gari likazimika mlimani vile vile. Asubuhi ya safari iliyofuata Tata alimimina debe lake, akachuja kwa kitambaa chake, akafunga tangi, akaingia ndani. Nilisimama uani na kiganja changu kikiwa wazi kidogo, kwa mazoea. Hakurudi nje. Niliondoka bila kahawa.

Ni lazima niseme habari za kanisa, maana bila hiyo mwisho wa jambo hili hauna maana. Sisi tulikuwa Walutheri, na miaka ile uamsho ulikuwa umeshika moto. Waliookoka walisimama mbele ya watu wakatubu kwa sauti: huyu aliiba mkungu wa ndizi wa jirani, yule alimpiga mkewe, mwingine alirudisha jembe alilolificha miaka mingi. Waliposema walishangiliwa kwa wimbo na kukumbatiwa. Tata alikuwa mzee wa kanisa, na mambo haya aliyapenda kutoka moyoni. Basi kila Jumapili, ulipofika wakati wa kutubu, aligeuza shingo polepole na kunitazama pale nilipokaa upande wa vijana. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa akiningojea. Mimi nilitazama miguu yangu, jasho likinitoka kwapani, nikijua kwamba kadiri ninavyokaa kimya ndivyo ninavyozidi kuonekana mwenye dhambi ngumu.

Kuna Jumapili nilifikiria kusimama tu, niseme niliiba, yaishe. Nilishika benchi kwa mikono miwili.

Hatimaye Tata akaamua kusafiri nami. Mgongo ulikuwa unamsumbua na alichukia barabara ile, lakini alimimina petroli, akaketi kando yangu, tukaondoka. Nilifurahi, Mungu anajua. Nilijiambia leo ataona kwa macho yake. Nilikanyaga moto kwa upole kana kwamba nimebeba mayai. Gari likawa zito kila kilima, linajivuta, na injini ikawa inachemka hata nikalazimika kusimama kuongeza maji. Tulipofika Bukoba akashuka kwenda kwa wanunuzi wa kahawa, nami nikabaki na gari. Sikushuka hata kwenda haja. Aliporudi alimimina debe la kurudia kwa mkono wake, tukaondoka.

Lilizimika mlimani, pale pale. Nikasikia maji yakichemka kwenye rejeta.

"Tata, umeona mwenyewe," nilisema.

"Nimeona," alijibu. "Debe la kwenda lilibakiza kitu. Siku zote hubakiza. Mjini nilikuacha na gari peke yako."

Nilitaka kulia, na nilikuwa mwanamume mwenye ndevu. Akafungua mlango, akaanza kupanda mlima kwa miguu, mkono kiunoni, na nilipomfuata kumshika akanionyesha kwa ishara nibaki na mali.

Jibu nililipata jikoni. Asubuhi moja nilikuwa nimepiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini ili iwake, hadi mabega yakawaka. Tangu tubadilishe mafuta hendeli ile ilikuwa imekuwa mateso asubuhi, ilhali mchana injini ikiwa moto ilizunguka kwa mkono mmoja. Niliingia jikoni kupumzika. Mama mdogo, mke wa Tata, alikuwa ameinamisha kibuyu cha samli juu ya sufuria na samli haitoki. Aligonga kitako cha kibuyu, akatikisa, akasonya. "Baridi ya asubuhi," alisema, akakisogeza karibu na moto. Baada ya muda samli ikaanza kushuka kwa uvivu, kisha ikatiririka.

Nilitoka mbio. Nikachomoa kile chuma cha kupimia mafuta ya injini, nikakiinua. Mafuta yaliganda juu yake kama mlenda uliolala. Nikasimama pale nikiyaangalia, na mambo yote yakajipanga. Uzito wa hendeli. Uvivu mlimani. Kuchemka. Injini ilikuwa ikitembea kwenye uji. Nguvu iliyotakiwa kuzungusha magurudumu ilikuwa inaishia humo ndani, kukoroga, na petroli ilikuwa inaungua kwa kazi hiyo isiyotufikisha popote.

Moyo ulinidunda kwa furaha, na hapo ndipo nilipokosa busara ya kupanga maneno. Nilimkuta Tata anakagua kahawa iliyoanikwa. Nikapiga goti moja, nikamwita kwa heshima ya Kihaya:

"Tata waitu, nimejua. Mafuta ndiyo yanayokula mafuta!"

Aliinua kichwa polepole. "Unasemaje?"

"Yale mafuta mazito. Yanakula mafuta. Yale mafuta yetu ya zamani yalikuwa hayali mafuta mengi."

"Mafuta yanakulaje mafuta?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Samli yangu usiku inakula samli nyingine? Unanifanya mtoto?"

Nilijaribu tena. Nilisema mafuta ya ndani na mafuta ya nyuma, mafuta ya kulainisha na mafuta ya kuunguza. Nikahamia Kihaya, nikajikuta nasema amajuta, amajuta, amajuta, kila mara nikimaanisha kitu kingine, na kila nilivyoendelea ndivyo uso wake ulivyojifunga. Kwa masikio yake nilikuwa mwizi aliyeamua kufanya mzaha. Alikuwa ameyachagua mafuta yale kwa kidole chake, kidole ambacho watu walitoka mbali kukitafuta, na sasa nilikuwa nasema hicho kidole ndicho mwizi.

"Nakuomba tuyabadilishe," nilisema. "Safari moja tu. Tuyarudishe yale ya zamani, utaona."

Alitia mikono kwenye kahawa, akaigeuza, akaigeuza tena. "Badilisha," alisema mwishowe. "Lakini mimi sitaangalia injini. Nitakuangalia wewe."

Sikuelewa maana ya maneno hayo. Nilisikia "badilisha" tu.

Nilikwenda Bukoba na yale mazito kwa mara ya mwisho, nikanunua kopo la yale mepesi, nikayamwaga mazito pale pale mjini yakiwa moto, yakatoka kama asali nyeusi. Nikajaza mapya. Nilipopiga hendeli injini iliitika kwa mzunguko mmoja, na ile kelele ikarudi, tiki tiki tiki, na moshi wa buluu nao ukarudi nyuma. Katika maisha yangu sijafurahia kelele namna ile. Siku hiyo, kwenye mlima wa mwisho, nilishika usukani kwa nguvu hata vidole vikawa vyeupe. Nilikuwa naomba kwa sauti. Gari likapanda, likakohoa mara moja pale kwenye jiwe kubwa, roho ikaniruka, kisha likaendelea, likafika juu, likaingia uani.

Petroli iliyobaki ilikuwa kidogo, maana nusu ya safari nilikuwa bado na yale mazito. Lakini safari iliyofuata nilitoka nyumbani na mafuta mepesi, nikarudi na mafuta mepesi. Mchana, jua likiwa bado juu, niliingia uani na kuzima gari. Tata alitoka na kijiti chake. Nilishuka, nikasimama kando ya tangi, nimefunga mikono mbele kama mwanafunzi anayengoja majibu ya mtihani. Alifungua kifuniko. Akachovya. Kijiti kikatoka na unyevu wa urefu wa kidole, na zaidi.

Akakitazama, akakigeuza kwenye mwanga. Akanitazama mimi. Nikaona macho yake yanalowa, na nikafikiri, sasa. Sasa atasema, nisamehe, mwana wange.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa punje za kahawa, akazitia kiganjani mwangu na kukifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Naona umeacha," alisema.

Nilifungua mdomo. Alinizuia kwa kutikisa kichwa, taratibu, kwa upendo mkubwa. "Usiseme kitu. Yamekwisha. Nilijua utaacha. Nilikuombea." Alikuwa akilia kwa ajili yangu, huyu mzee aliyenifunga vifungo vya shati, na nilipotafuta maneno ya kumweleza sikupata isipokuwa yale yale, mafuta na mafuta. Nikatia kahawa mdomoni.

Jumapili yake kanisani, wakati wa kutubu ulipofika, hakunigeukia. Alisimama yeye. Alisema anamshukuru Mungu kwa mtoto wake ambaye alikuwa amepotea katika mali ya watu na sasa amerudi. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kila mtu alimjua mtoto wake mwenye kushika mali yake. Watu wakaanza kuimba, wakaja kwenye benchi letu wakicheka na kulia, wakanishika mikono, wakanikumbatia, na Tata akiwa kule mbele ananitazama kwa uso uliong'aa ambao sikuuona tena kwake hadi anakufa.

Bibi mmoja, jirani yetu, alikuwa wa mwisho kunifikia. Alinipapasa shavu kwa kiganja kikavu.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Kuacha wizi si kazi ndogo."

"Asante, bibi," nikamjibu.